Mtani Aliyekiri Kuua Kompyuta

Mtu akiniambia kwamba kompyuta haidanganyi, namwangalia tu. Nimefanya kazi nazo tangu wakati ambapo Tabora nzima ilikuwa na moja, imejaza chumba, na sijaona kitu kinachodanganyika kirahisi kama kompyuta. Iambie kwamba chumba ilichomo ndiyo dunia yote, itaamini. Itafanya kazi humo mpaka ife, na ikishakufa itatoa ushahidi kwa moyo mweupe kabisa juu ya mambo ambayo hayakutokea. Ushahidi wa namna hiyo nusura umpeleke gerezani mwanamke ambaye kosa lake lilikuwa kuchekesha watu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Ujamaa, tunapanga foleni ya sukari na kuitana ndugu. Shirika letu la umma, ambalo sina haja ya kulitaja, liliambiwa lipeleke kazi zake mikoani, likaileta mashine Tabora kwa treni na kuiweka katika ghala la zamani karibu na stesheni. Kazi yake ilikuwa kujumlisha mizani ya mazao ya wakulima wa Nzega, Igunga na huko kwingine. Mimi nilikuwa mwandishi wa programu. Nimezaliwa pale pale mjini, binti wa fundi cherehani, nikasomeshwa ng'ambo nikarudi na kiburi. Bado ninacho.

Mwendesha mashine wetu alikuwa Mzaramo, mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo ya watu kwenda Pwani, wakilala kwao, wakiugua kwao na kuzikwa nao. Kwa asiyejua, mtani wako ana ruhusa ya kukutukana na kukunyang'anya chakula mdomoni, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini kazi yake kubwa ni msibani. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuivunja huzuni. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anatangaza kwamba yeye ndiye aliyemuua kwa sababu alikuwa mchoyo, anakaa mlangoni kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Anayenuna ndiye mwenye makosa.

"Wapagazi, mmeamka?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kila asubuhi. "Leo mmebebeshwa nini?"

Nami nilimjibu kwamba nikimwona Mzaramo kazini mapema hivyo, basi ngoma ya jana ilikosa wachezaji. Siku ilianza namna hiyo, na kazi ilikwenda.

Mkuu wa kitengo hakuwa na mtani yeyote pale. Alitoka mbali, kwao mambo haya yanafanywa vingine, na hakuwahi kumuuliza mtu. Alikuwa na tabia ya kufuta kiti kwa leso kabla ya kukikalia, hata kama kimefutwa mbele yake. Yule mama alimwiga siku moja, akafuta kiti, akaifuta leso, akafuta na hewa iliyozunguka leso, tukafa kwa kicheko, na tulipogeuka Mkuu alikuwa mlangoni. Toka siku hiyo nilijua anamngoja, na mimi nikaanza kumchukia rasmi.

Mtu wa mwisho wa kumtaja ni mtaalamu mgeni wa kampuni iliyotuuzia mashine. Alikuwa akija kila baada ya muda, anajifungia na mashine, anatoka na kutuambia kwa Kiingereza kwamba kila kitu ni salama. Ukimuuliza alichofanya, anatabasamu kama mzazi aliyeulizwa na mtoto wake kwa nini mbingu ni ya buluu. Kumbe mtoto ni wewe.

Mashine ilikufa asubuhi, katikati ya kazi ya mizani. Kompyuta za siku hizi zikifa zinanyamaza tu. Ile yetu ilipokufa ilitapika. Kila kilichokuwa kichwani mwake dakika ile kilichapwa kwenye karatasi, tarakimu na herufi zisizo na nafasi ya kupumulia, furushi zima la kubebwa kwa mikono miwili. Sisi tuliziita karatasi hizo maiti. Ukitaka kujua kilichoiua mashine, unaifungua maiti na kuisoma.

Printa ikawa inatapika, wasichana wa kutoboa kadi za kulishia mashine wamesimama mlangoni wameshika vichwa, fundi wa mitambo ya baridi amekuja na bisibisi ambayo haikuwa na kazi. Kila mtu alikuwa na hofu, maana mizani ya wakulima ilikuwa ndani. Hapo ndipo mtani wetu alipofanya kazi yake. Alijifunga khanga kiunoni, akatandika ya pili sakafuni mbele ya kabati la mashine, akakaa kitako na kupiga ukemi.

"Yalaa! Wanyamwezi, mmefiwa! Nimemuua mimi! Nimemkaba koo mpagazi wenu, alikuwa anakula umeme peke yake hagawi! Leteni ubani wangu niwaachie maiti!"

Kisha akaiga printa kwa mdomo, krrr, krrr, mpaka akaanguka chali, ulimi nje. Tulicheka sote. Wasichana walicheka mpaka wakashikana, na yule fundi, mzee mzima, alilia machozi. Mimi nilicheka nikampiga teke mguuni na kumwambia Mzaramo huwa haui kitu, huwa anakichosha tu kwa maneno. Hofu ikatoka chumbani. Nilipoinua macho nikamwona Mkuu.

"Umesema umefanya nini?" akamuuliza.

Mtani anapokuwa msibani hashuki kwa sababu ya cheo cha mtu. Akajibu akiwa chali bado, "Nimeiua, Mkuu. Na wewe toa ubani."

Mkuu akageuka akaenda ofisini kwake, akaandika.

Anayezikumbuka siku zile anajua neno hujuma lilivyokuwa. Watu walisombwa kwa katoni za sabuni zilizokutwa chini ya vitanda vyao, na mtu aliyekiri mbele ya mashahidi kwamba ameua mashine ya umma hakuwa na pa kujificha. Yule mama alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo, akaambiwa asitoke mjini. Kamati ya wafanyakazi ingekaa, na ikiona ni hujuma, jalada lingekwenda polisi. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na mume aliyekuwa njiani wakati wote, mfanyakazi wa reli.

Mtaalamu akaja, akaipekua maiti kwa muda mfupi kuliko anaotumia mtu kuchambua mchele, akatoa jibu. Katika mashine kuna kiini, yaani ile programu kuu inayozitawala nyingine zote, na kiini kiliandika maneno yake ya mwisho waziwazi: kilikuwa kinaandika kwenye diski, na diski ikatoweka. Haikuharibika, haikujaa, ilitoweka. "Diski haiondoki yenyewe," mtaalamu akamwambia Mkuu mbele yangu. "Kuna swichi ya kuiondoa, na swichi inataka mkono." Dakika mashine ilipokufa, chumbani kulikuwa na mkono wa mtu mmoja tu.

Nilikwenda kwa yule mama, kwenye chumba walichopanga, nikamkuta anaosha nepi.

"Uliigusa swichi ya diski?"

Aliikamua nepi aliyoishika. "Na wewe Mnyamwezi unaniuliza?"

"Nakuuliza kwa sababu nitakwenda kugombana na watu. Nataka kujua nagombana nikiwa na nini."

"Sikuigusa," akasema, akarudi kwenye nepi zake. Hakunitukana hata kidogo, nikajua anaogopa.

Nilimwamini, na si kwa ajili ya urafiki. Mwanamke yule alikuwa haruhusu tupite na kikombe cha chai karibu na mashine.

Maiti ilikuwa kwa Mkuu. Nilipoiomba alisema ni kielelezo, haitoki. Nikamwambia sawa, haitoki, basi nitaisomea humu humu. Nikavua viatu, nikazikunjua karatasi sakafuni ofisini mwake kuanzia mlangoni hadi chini ya meza yake, nikapiga magoti na kalamu. Hakuwa na kifungu cha sheria cha kunizuia. Kwa siku kadhaa alikuwa akiruka kumbukumbu za mashine kila alipotaka kwenda msalani, na kila alipozikanyaga nilimwambia, "Ndugu, unakanyaga kielelezo." Sikuwahi kufurahia kazi kama nilivyoifurahia ile, na nilikuwa nimekasirika kupita kiasi.

Mwanzoni niliyaona yale yale aliyoyaona mtaalamu. Diski ipo, diski ipo, diski haipo. Kiini hakikuwa kinasema uongo. Ndipo nikajiuliza swali ambalo yeye hakulitaka liulizwe: kiini hiki kinaijua vipi mashine kilichomo? Kila programu kuu ikiamka huikagua mashine, kumbukumbu za kushikia kazi ni kiasi gani, saa inasema nini, chuma chenyewe ni namba ngapi, na majibu inayaweka mahali panapojulikana. Nikayatafuta majibu hayo.

La kwanza kuniudhi lilikuwa kumbukumbu. Nilipigana na watu ili mashine yetu iletwe na kumbukumbu kubwa, na nilizikagua mwenyewe zilipotolewa kwenye kreti. Kiini kiliamini zipo nusu yake tu. Nikadhani nimekosea hesabu, nikarudia, ikawa nusu. Halafu saa. Mashine ina saa ya siku, inayokwenda kama ya ukutani, na kiini kina hesabu yake ya muda ambao kweli kilifanya kazi. Hesabu mbili hizo zilipaswa kwenda pamoja. Katika maiti ile zilikuwa zinaachana tena na tena. Saa ya siku imesonga, kiini hakina habari, kama mtu aliyesinzia na kuapa kwamba hakusinzia. Muda huo mashine ilikuwa inamtumikia nani?

Jibu likawa kwenye namba. Mashine ikiulizwa jina lake hujibu kwa namba yake ya kiwandani, ile ile iliyogongwa kwenye kibati cha kabati. Nilikuwa nakijua kibati kile kwa kukifuta vumbi. Lakini kiini kilipouliza, kilijibiwa namba iliyoanza na herufi F mbili. Nikafungua kitabu cha mashine. Kilisema kwamba F mbili mwanzoni zimetengwa kwa mashine isiyo ya chuma.

Ni hivi. Kuna programu inayoweza kuwekwa chini ya kiini, ikaigawa mashine moja kuwa mbili au tatu za kufikirika. Kila kiini hupewa ya kwake, na kila kimoja huamini kimeshika chuma. Kumbe ni mpangaji. Mwenye nyumba yuko chini, hamwoni, naye ndiye anayempa kumbukumbu, muda na diski, na akitaka kuiondoa diski anaiondoa kwa amri, wala hakuna mkono unaogusa swichi. Kiini chetu kilikuwa mpangaji. Hakuna mtu wa shirika aliyeambiwa. Kulikuwa na mpangaji mwingine chumba cha pili, akila nusu ya kumbukumbu zetu, na funguo za nyumba zilikuwa kwa mtu mmoja, yule mwenye tabasamu.

Sikumwambia mtu. Nilikunja maiti, nikavaa viatu, nikamshukuru Mkuu kwa sakafu yake.

Kamati ilikaa katika chumba cha mikutano cha ghala. Mwenyekiti alikuwa mtu wa Nzega, Mnyamwezi kama mimi, mkulima na mfugaji kabla ya kuingia ofisini, na moyo wangu ulitulia nilipomwona kwa sababu huyu amezaliwa ndani ya utani. Mtaalamu alisema yake kuhusu swichi na mkono. Kisha nikasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba mtaalamu atusomee namba iliyopo kwenye kibati cha mashine."

Akaisoma kutoka kwenye daftari lake, bila wasiwasi.

"Sasa atusomee namba ambayo maiti inasema."

Niliweka karatasi mbele yake na kidole changu juu ya zile F mbili. Tabasamu lilikwenda zake. Nilieleza kuhusu kumbukumbu nusu na saa zilizoachana, nikaeleza polepole, kwa Kiswahili, kwa habari ya mpangaji na mwenye nyumba, na Mwenyekiti, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alielewa kabla ya Mkuu.

"Kwa hiyo diski iliondolewa kutoka chini," akasema. "Nani aliyeamuru?"

Mtaalamu akasema ulikuwa mpango wa kawaida, wa muda tu, wa kujaribia mambo. Mwenyekiti akauliza tena. Mtaalamu akasema huenda amri fulani aliyoiacha ilidhani diski ile ni ya upande mwingine. Nikamuuliza upande mwingine ni wa nani, akasema hilo ni suala la kampuni yake. Mpaka leo sijui nusu ya mashine yetu ilikuwa ikifanya kazi ya nani. Hakuna aliyemchukulia hatua. Alipanda ndege juma lililofuata, na namwombea maisha marefu yenye meno mabovu.

Nilidhani tumemaliza. Nilimtazama yule mama, amekaa kwenye benchi na mtoto, nikamkonyeza. Ndipo Mkuu akafungua jalada.

"Nakubali kwamba mashine haikuuawa naye," akasema. "Lakini alikiri. Mtu anakirije kosa la hujuma ambalo hakulitenda, mbele ya watu, tena kwa kurudia? Ama alikuwa na nia, ama anaidhihaki mali ya umma."

Nikacheka kwa sauti. Nilimwambia Mwenyekiti kwamba huo ulikuwa utani wa msiba tu, kama yeye mwenyewe alivyokwisha kuona mara ngapi kwao. Mwenyekiti hakunitazama. Alikuwa anamtazama Mkuu, na Mkuu alikuwa ameshika kalamu.

"Utani naujua," Mwenyekiti akasema taratibu. "Lakini utani una wenyewe wanaoupokea. Kama ulikuwa utani, watu walicheka. Nani alicheka?"

Swali la haki. Nikawageukia wenzangu.

Wasichana wa kadi wakatazama chini. Mmoja akasema alikuwa anaokota kadi zilizomwagika. Mwingine akasema printa ilikuwa inapiga kelele, hakusikia. Nikamgeukia mzee wa mitambo ya baridi, ambaye nilikuwa nikimwamkia shikamoo kila siku ya Mungu.

"Mzee, ulilia kwa kicheko. Waambie."

"Mimi, mwanangu, yalikuwa machozi ya uchungu," akasema. "Mali ya taifa inakufa mbele yako, utacheka?"

Ningeweza kumrukia. Nilisema kwamba mimi nilicheka, na nilimpiga teke nikamtukana, na kwamba wote hawa walicheka mpaka wakashikana. Mkuu akaandika jina langu. Kicheko cha mtu mmoja, akasema, si mila, ni njama. Wenzangu waliendelea kutazama sakafu. Yule mama alikuwa akiwapitia kwa macho mmoja mmoja, kama anayehesabu vyombo baada ya wageni kuondoka.

Jalada halikwenda polisi. Ile maiti ndiyo iliyomwokoa, najua hivyo, na najivunia. Lakini alifukuzwa kazi kwa kuleta mzaha juu ya mali ya umma. Mimi nilipewa onyo la maandishi. Mkuu alipandishwa cheo, bila shaka, maana nchi hii haijawahi kukosa kiti cha mtu wa aina yake.

Mume wa yule mama alihamishiwa stesheni ya Tura, na siku walipoondoka wenzangu wote wa kazini walijazana kwenye reli kumsindikiza. Walileta karanga na asali. Mzee wa mitambo, bila haya, akamwita Mzaramo mvivu aliyefukuzwa kazi, akamuuliza ataenda kumchosha nani sasa. Wengine wakaanza kucheka, kicheko kikubwa, kicheko kilichochelewa.

"Asante, baba," akamjibu. "Asanteni ndugu zangu kwa kuja." Akapokea asali kwa mikono miwili, kwa adabu, akapanda.

Hawakuelewa kwamba mtani anayejibu tusi kwa asante ameuvunja utani. Walirudi wakisema ameumia, atapoa. Mimi nilielewa, nikawaambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na tangu siku hiyo tulifanya kazi pale ghalani kama watu waliofungiana milango.

Mama yangu alifariki miaka michache baadaye, huko Kwihara kwa kaka yake, alikokuwa akiuguzwa. Nilimtuma mtu wa reli ampelekee mtani wetu habari huko Tura. Nilijiambia kwamba mimi si wao. Mimi nilisema nilicheka. Nilisimama peke yangu mbele ya kamati, nikapigwa onyo kwa ajili yake.

Alikuja. Nilimwona anaingia uani, mtoto amekua, anatembea. Jeneza lilikuwa bado ndani, wanawake wanalia, na nilihisi kifua kinanifunguka kwa sababu mtani amefika, sasa atavaa khanga za mama, atamwiga anavyochechemea, atasema amemuua, atakaa mlangoni, nami nitacheka na kulia kama inavyopasa. Nilifuta uso nikamwanza mimi.

"Mzaramo! Umenusa wali ukaja mbio?"

Alinishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa mema kabisa, na hilo ndilo lililonikasirisha.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Mungu amlaze mahali pema."

Akaenda akakaa mkekani na wanawake wengine, akajifunika khanga, akalia kama wanavyolia wageni. Wanaume walipokuja kulichukua jeneza, hakuna aliyekaa mlangoni. Lilipita moja kwa moja.